Pamoja Tulinde Maisha: utafiti uliofanyika kwetu

Wiki iliyopita watu wa utafiti walipita kwenye blok yetu kuomba damu, na wengi wetu tulifunga milango. Mama mmoja aliuliza, "Nikikataa, watanifuta kwenye orodha ya chakula?" Hatukuwa na jibu. Ndo maana leo tunaandika historia kidogo.

Hofu yetu ina mizizi. Kule Tuskegee, Marekani, toka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli. Hata penisilini ilipojulikana kuwa inaponya, hawakupewa.

Lakini iko historia nyingine, na hii ni ya kwetu. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, ikafika na Ituri. Watu walisema ni biashara ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Katikati ya vurugu hizo, profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliendesha utafiti wenye jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Dawa nne zililinganishwa. Daktari hakuchagua nani apate ipi, ilikuwa kama kupiga kura. Kwa nini? Kama wagonjwa wenye nguvu wote wangepewa dawa moja, tungejuaje ni dawa ndo iliwaponya? Mgonjwa au familia yake iliombwa ruhusa kwanza. Na kamati ya pembeni ilikuwa inaangalia matokeo. Agosti 2019 ikaona dawa mbili zinaokoa zaidi, basi zile zingine zikaachwa. Waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Waliopewa mAb114, kama 35 kwa 100. Na hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit, mwaka 1995. Damu ya mtu wa kwetu!

Kwa hiyo tusikubali kila kitu, lakini pia tusifunge milango. Wakirudi, tuulize: Mnatafuta nini? Damu inaenda wapi? Kuna hatari gani? Naweza kutoka katikati? Na kwa yule mama, jibu ni hili: utafiti wa haki haukunyang'anyi chakula wala matibabu kwa sababu umekataa. Mtu akikutisha kwa hilo, huyo ndo wa kufungiwa mlango.