Tarehe ya Strikemaster: Kutoka Eastleigh Hadi kwa Raia

Mwaka 1971 Kenya ilipokea jeti zake za kwanza za kivita. Zilikuwa sita, zote aina ya BAC Strikemaster, na makao yao yalikuwa Eastleigh, Nairobi, kwenye kambi ileile ambako Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Kenya ilipozichoka, zikauzwa Botswana. Botswana ilipozichoka nayo, zikarudi Uingereza zilikoundwa, ila safari hii aliyezipokea hakuwa mwanajeshi wala serikali. Alikuwa raia anayenunua ndege kwa fedha zake, akaipatia namba ya usajili wa kiraia na kuirusha siku ya Jumamosi hali ya hewa ikiruhusu.

Safari hiyo haisimuliwi sana kwetu, nami naona inastahili kuandikwa, kwa sababu ukifuata ndege moja ya namna hii toka mwanzo unaielewa biashara nzima ya raia kumiliki jeti za kivita zilizostaafu: nani anauza, nani ananunua, na kwa nini wengine wamekufa.

Strikemaster iliundwa na British Aircraft Corporation huko Warton, kaskazini mwa Uingereza. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1967. Ilizaliwa kutokana na Jet Provost, ndege ambayo vijana wa Uingereza walijifunzia urubani, na ule ualimu haukuitoka. Ndani ya chumba cha rubani viti viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, mwalimu na mwanafunzi wakitazama vioo vilevile vya mitambo, kila mmoja na usukani wake. Kifuniko cha kioo husukumwa nyuma kwenye reli kama dirisha la kutelezesha. Injini ni moja tu, Viper ya Rolls-Royce, imefichwa nyuma ya migongo ya marubani. Bawa limenyooka, na nchani pake pana tangi la mafuta. Walichoongeza waundaji ni nguvu, bunduki mbili za rashasha, na sehemu za kuning'iniza mabomu na roketi chini ya mabawa. Ikawa ndege iliyozifaa pia nchi ambazo hazikuwa na fedha za kununua jeti za kasi kuliko sauti, na pengine hazikuzihitaji.

Jumla ziliundwa 146. Saudi Arabia ilitangulia, kisha zikafuata Yemen ya Kusini, Oman, Kuwait, Singapore, Kenya, New Zealand, Ecuador na Sudan.

Huko Oman ndiko ilikojijengea jina. Vita vya Dhofar, uasi wa kusini mwa nchi hiyo, vilikuwa vimepamba moto Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, miaka ileile Waomani wa Zanzibar walipokuwa wanaanza kurejea Muscat. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1972, mamia ya waasi waliuvamia mji mdogo wa Mirbat ulio pwani, mashariki ya Salalah. Waliokuwa wakiulinda walikuwa wachache mno, wakiwemo askari tisa wa kikosi maalumu cha Uingereza. Ilikuwa msimu wa khareef, ukungu na mawingu mazito yamelala juu ya pwani, na waasi walitegemea kwamba ndege hazingeweza kuruka. Strikemaster zikaja kutoka Salalah chini ya mawingu hayo, chini kabisa, zikapiga na kurudi kujaza risasi na kuja tena. Mji haukuanguka. Wanaoijua historia ya vita vile husema Mirbat ndipo mizani ilipoanza kuelemea upande wa Sultani.

Nchini Kenya maisha yake yalikuwa ya utulivu zaidi. Ilikuwa shule. Marubani walijifunzia jeti humo kabla ya kwenda kwenye jeti za kivita za Hunter, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaanza kuwasili F-5 za Marekani, kisha Hawk za Uingereza. Likaja jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Jeshi la Wanahewa likavunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na wanahewa wengi wakakamatwa. Nalitaja hili kwa sababu ndege haitunzwi na rubani peke yake. Waliozijua zile jeti sita mpaka ndani ya utumbo wake walikuwa mafundi, na baada ya Agosti ile wengi wa watu wa kizazi chao walitawanyika, wengine gerezani, wengine mitaani bila kazi. Strikemaster zikauzwa Botswana mwaka 1988. Huko zilihudumu pamoja na nyingine zilizotoka Kuwait, mpaka Botswana iliponunua CF-5 za Kanada mwaka 1996. Hapo ndipo raia alipoingia.

Biashara yenyewe ya raia kununua ndege za kivita ilikuwa ya zamani kuliko jeti. Mwaka 1946 Paul Mantz, rubani wa filamu wa Hollywood, alinunua kwa mkupuo mmoja ndege 475 zilizobaki baada ya vita, za kudondosha mabomu na za kupigana angani, kwa dola 55,000. Aliuza nyingi kama chuma chakavu, akabakiza chache, na akitumia P-51 zake alishinda mashindano ya Bendix miaka mitatu mfululizo. Hizo zilikuwa za rafadha. Jeti zilichelewa kufika kwa raia, na Marekani hasa ilikuwa na mkono wa birika: jeti zake za kivita zilizostaafu hukatwakatwa ili isibaki ya kuruka. Darryl Greenamyer, aliyekuwa rubani wa majaribio wa Lockheed, aliitaka jeti ya F-104 kiasi kwamba alitumia miaka kuikusanya kipande kwa kipande kutoka kwenye mabaki na maghala. Oktoba 1977 akairusha juu ya Nevada, karibu kabisa na ardhi, kwa kasi ya kilomita 1,590 kwa saa, rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye gurudumu moja lilikataa kujifunga, akalazimika kujirusha nje kwa kiti, na kazi ya miaka yote ile ikaishia jangwani.

Kwa watu wa kawaida wenye fedha za kawaida za tajiri, njia ilifunguka baada ya Umoja wa Kisovyeti kusambaratika mwaka 1991. Nchi za Ulaya ya Mashariki ziliuza MiG na L-39 kwa bei ambayo hakuna aliyeitarajia. Wakati huohuo Uswisi iliachana na Vampire zake, kisha Hunter mwaka 1994, na New Zealand ikazistaafisha Strikemaster zake mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mafundi kugundua nyufa kwenye mabawa. Katika soko hilo Strikemaster ilipendwa haraka. Ina injini moja ya mtindo wa zamani ambayo fundi mzuri huielewa, na kiti cha pili pembeni ambapo unaweza kumpakia rafiki, mkeo, au mtu aliyelipia. Uingereza ipo moja iliyotoka Oman, imesajiliwa G-SOAF, herufi zilizochaguliwa makusudi kwa kuwa ni kifupi cha jina la Kiingereza la jeshi la anga la Sultani, na ina rangi za jeshi hilo. Zilizopitia Botswana nazo zikapata namba za Kiingereza.

Watu hushangazwa na bei ya kununulia. Wangepaswa kushangazwa na inayofuata. Chukua Vulcan XH558, ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne: familia moja ya Kiingereza iliinunua kwa wizara ya ulinzi mwaka 1993 kwa pauni 25,000. Kuirudisha angani kulichukua mpaka Oktoba 2007 na kulimeza mamilioni ya pauni, fedha za bahati nasibu ya taifa na michango ya maelfu ya watu. Ikaacha kuruka mwaka 2015, nayo bado nzima, kwa sababu kampuni zilizokuwa zikiidhinisha usalama wake zilijiondoa. Wahandisi waliozijua ndege za namna ile walikuwa wanastaafu.

Kwenye Strikemaster mzigo ni mdogo, lakini ni uleule. Viti vyake ni vya Martin-Baker, vya kumrusha rubani nje, na kila kiti kina baruti yenye tarehe ya kwisha muda. Baruti hiyo haiuzwi dukani. Ikipitwa na muda, una kiti ambacho huenda kisifanye kazi siku unapokihitaji, au kikalipuka mbele ya fundi anayekifungua. Kisha kuna mabawa. Chuma huchoka. Kila rubani anapoivuta ndege kutoka kwenye mbizi, bawa hupindwa kidogo, na kila kupindwa huhesabiwa. Ndege nyingi za Kiingereza za aina hii hubeba kifaa kidogo kinachoandika mara ngapi bawa limeelemewa na kwa uzito gani, na fundi wa jeshi hunakili namba zile kitabuni kila baada ya safari. Anayenunua jeti iliyostaafu ananunua kitabu hicho kuliko anavyonunua ndege. Kikikosekana, au kikiwa na pengo la miaka, hakuna anayejua bawa limebakiza maisha kiasi gani.

Tarehe 5 Oktoba 2006, karibu na Bathurst, Australia, Strikemaster ya kiraia ilikuwa ikiruka chini na abiria ndani yake. Bawa moja likakatika hewani. Walikufa wote wawili, rubani na abiria, na wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye chuma cha bawa. Ufa wa namna hiyo hauanzi asubuhi ya ajali.

Ajali mbili nyingine zimeitengeneza biashara hii kuliko sheria yoyote iliyotungwa kwa utulivu. Septemba 1972, Sacramento, California, jeti aina ya Sabre ya raia ilishindwa kupaa, ikavuka barabara na kuingia kwenye duka la aiskrimu lililojaa familia. Walikufa watu 22, zaidi ya nusu yao watoto. Rubani alikuwa na saa chini ya nne tu kwenye ndege ya aina ile. Tarehe 22 Agosti 2015, Shoreham, Uingereza, Hunter iliyokuwa ikifanya mzunguko wa wima kwenye maonyesho ilifika kileleni ikiwa chini mno na polepole mno, ikaanguka barabarani na kuua watu 11. Hakuna hata mmoja aliyekuwa uwanjani; walikuwa barabarani nje yake, baadhi wakipita njia tu. Baada ya hapo Uingereza ilizikataza jeti hizo za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu.

Mimi sioni kwamba raia azuiwe kumiliki ndege hizi. Bila wao nyingi zingekuwa sufuria. Lakini kuna mstari kati ya mwenye ndege anayehatarisha roho yake kwa hiari na yule anayeihatarisha ya mpita njia, na nchi yoyote yenye akili huuchora mstari huo kabla watu hawajafa.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi Waafrika. Baadhi ya Strikemaster zilizokwisha kuvuliwa sare zilionekana tena Côte d'Ivoire katika vita vilivyoanza mwaka 2002, zimenunuliwa kupitia mikono ya watu binafsi. Ndege inayouzwa kama kumbukumbu ya historia inaweza kurudishiwa roketi na fundi mmoja asiye na swali.

Siku hizi biashara imepiga hatua ambayo Mantz asingeiota. Kampuni binafsi za Marekani na Kanada zimenunua jeti kwa makundi: Draken ilichukua Skyhawk nane za New Zealand, ATAC ikachukua Mirage F1 63 za Ufaransa, Top Aces ikapata F-16 zilizotoka Israeli. Kazi yao ni kujifanya adui ili marubani wa serikali wafanye mazoezi. Strikemaster nayo imekuwemo: Las Vegas, kampuni iitwayo Blue Air Training imeitumia kuwafundisha askari wa ardhini namna ya kuelekeza mashambulizi ya anga. Miongo mingi tangu iruke mara ya kwanza, ilikuwa bado ikilipwa kwa kufundisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa waliokuwa mafundi na marubani wa Eastleigh miaka ya 1970, na kwa watoto wao kama wazee wameshatangulia. Andikeni mliyoyafanya kwenye zile jeti sita: nani alizifungua, nini kilivunjika, nini kilibadilishwa, mlijifunza kwa nani. Tafuteni picha na daftari zilizo ndani ya masanduku. Uingereza na Australia wanazo kumbukumbu za Strikemaster zilizotua kwao. Za Kenya zimeandikwa na wageni, tena kwa mistari michache. Wenye kuijua habari yake kwa mikono yao wengi ni wazee sasa, na hii ndiyo miaka ya kuwauliza.