Furu 200 waliopotea Ziwa Victoria: hii namba ilitoka wapi?

Ukiingia kafe yoyote pale mjini ukatafuta habari za Ziwa Victoria, dakika tano haziishi utakuwa umekutana na sentensi hii: sangara aliletwa ziwani, akala furu, aina 200 zikatoweka. Iko kwenye magazeti, kwenye tovuti za mazingira, kwenye ripoti za wanafunzi. Nikajiuliza kitu kimoja tu: nani alihesabu, na alihesabia wapi?

Kumbe jibu liko hapa hapa kwetu, Ghuba ya Mwanza. Nawawekea njia niliyofuata, manake ukishaijua utaitumia kwa habari yoyote, iwe ya samaki, dawa au mbolea.

KWANZA, MAREJEO NI NINI

Mtafiti akiandika makala, mwishoni anaorodhesha kazi za wenzake alizozitegemea. Hayo ndiyo marejeo. Ukiyafuata unarudi nyuma, kutoka kwa mjukuu kwenda kwa babu. Shida ilikuwa kwenda mbele: makala hii ilipotoka, nani aliitaja baadaye? Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza kwenye jarida la Science itengenezwe faharasa ya kujibu swali hilo, na mwaka 1964 ikaanza kuchapishwa. Mwaka 1965 Derek de Solla Price akaonyesha kwamba makala za sayansi zimeungana kama mtandao mmoja. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji maelezo marefu: ni wavu, kila fundo limeshikwa na mafundo mengine.

Siku hizi huhitaji kwenda maktaba kubwa. Google Scholar ipo tangu Novemba 2004, bure. Chini ya kila makala kuna kiungo chenye idadi ya kazi zilizoitaja. Bonyeza, zinakuja zote.

KURUDI NYUMA: ILE 200

Ukifuata namba hii, mara nyingi unaishia kwenye makala ya mwaka 1992 ya Frans Witte na wenzake, kwenye jarida la Environmental Biology of Fishes. Witte alikuwa na timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, iliyoanza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977.

Wanasema nini hasa? Kwamba kabla ya sangara kuongezeka, eneo la Mwanza walikuwa wakivua mara kwa mara aina 123 na zaidi za furu. Baada ya 1986, aina kama 80 hazikuonekana tena kwenye nyavu zao. Hiyo ndiyo iliyohesabiwa.

Na 200 je? Wanasema hali ya ghuba ikitanuliwa kwa ziwa zima, ingemaanisha kwamba aina zipatazo 200, kati ya zaidi ya 300, zimeshatoweka au ziko hatarini kutoweka.

Soma tena. Kuna mambo mawili hapo: ni makadirio kutoka ghuba moja, na kuna neno "au". Kwenye marudio kibao, vyote viwili vimedondoka njiani, ikabaki "200 zimekufa" basi.

Ukiendelea kurudi nyuma unakutana na wengine. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alikuwa ameshaandika kuonya juu ya mpango wa kumleta sangara. Mwaka 1974 Kudhongania na Cordone walichapisha matokeo ya uvuvi wa majaribio: furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Bila vipimo vya namna hiyo, leo tusingejua ziwa lilipoteza nini.

KWENDA MBELE: KESI INABADILIKA

Mwaka 1997 Ole Seehausen, van Alphen na Witte huyo huyo waliandika kwenye Science kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na tope na mwani mwingi, rangi hazionekani, aina zinachanganyikana. Kwa hiyo sangara si mshitakiwa peke yake. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walisoma matabaka ya matope ya chini ya ziwa, wakakuta mabadiliko ya maji yanakwenda sambamba na ongezeko la watu na kilimo tangu miaka ya 1930. Yaani yalianza kabla sangara hajaingizwa.

Halafu ikaja habari ya kufurahisha. Sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurudi. Mwaka 2008 Witte na wenzake walionyesha kwamba aina moja iliyorudi imebadilika umbo ndani ya miongo miwili tu, na matamvua yake yamekuwa makubwa zaidi. Mwaka huo huo, kwenye Nature, Seehausen na wenzake, akiwemo Mtanzania Hillary Mrosso, walieleza jinsi mwanga majini unavyosaidia aina mpya kujitenga. Mmoja wa samaki waliochunguzwa anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, jina la Mwalimu.

KUTAJWA SI KUKUBALIWA

Hapa wengi wanateleza. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walisema ziwa lilikauka kabisa miaka zaidi ya 12,000 iliyopita, kwa hiyo furu wote wametokea baada ya hapo. Makala ile imetajwa sana, lakini baadhi wanaitaja ili kuipinga! Fryer alibisha. Mwaka 2003 Erik Verheyen na wenzake wakasema ukoo wa furu ni wa zamani zaidi. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake wakaonyesha kwamba koo mbili za zamani zilizaliana, na mchanganyiko huo ndio uliowapa furu utajiri wa kuzaa aina nyingi haraka. Kwa hiyo aina zinaweza kuwa changa na damu yao ikawa ya kale. Ukiishia 1996 unapata nusu ya habari.

KWA NINI NIMEANDIKA HAYA

Kwa sababu neno "au" lina uzito. Ukisema 200 zimekufa zote, umefunga faili: hakuna cha kulinda. Makala ile ile ya 1992 ilitarajia mabaki ya furu yangeendelea kuishi karibu na ufuo. Huko ndiko Mto Mirongo unakomwaga, na huko ndiko tunakotupa taka zetu. Na ukimlaumu sangara peke yake, ambaye analisha familia nyingi hapa, umetuachia huru sisi tunaochafua maji.

KWA KIFUPI, UKIKUTANA NA NAMBA:

1. Tafuta aliyehesabu mwenyewe, usiishie kwa aliyesimulia.
2. Soma walau muhtasari wake. Makala nyingi zinauzwa, ila muhtasari ni bure.
3. Angalia ilipimwa wapi, lini, na maneno kama "au", "takriban", "ikitanuliwa".
4. Nenda mbele: nani aliitaja baadaye, na anakubali au anapinga?

Nusu saa ya kafe inatosha. Wavuvi na watoto wa Ukerewe, Sengerema na Kirumba, nyie mnawaona furu kila siku: siku hizi wanapatikana au wameadimika? Tupeni hali halisi kwenye maoni. Na kama kuna namba nyingine ya ziwa letu inayowatia shaka, itajeni, tuifuate pamoja.