Tochi ya Fundi: Historia ya Watu Wasiotajwa Waliofufua Vioo vya Dodoma

Haya wadau, leo mastaa wapumzike kidogo. Kuna watu hawajawahi kukanyaga zulia jekundu, lakini bila wao hao mastaa wengi wangewasikia redioni tu. Hao ni mafundi wa vioo.

Mkazi wa Area D anaijua hii picha: meza ndogo kibarazani, mita, bisibisi kwenye kopo, na fundi kainamia laptopu ambayo taa inawaka ila kioo ni giza tupu. Anawasha tochi ya simu, anailaza pembeni ya kioo, anachungulia. Mwenye laptopu anaona kama mazingaombwe. Kumbe jamaa anafanya kazi iliyorithiwa vizazi vitatu.

KIZAZI CHA REDIO

Turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, dude kubwa la kujaza chumba. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za serikali zilivurugika, hela za kigeni zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zikazuiwa. Zanzibar wao walikuwa tayari na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, bara wakabaki na redio.

Sasa angalia mkasa wa Dodoma: 1973 inatangazwa kuwa ndiyo makao makuu yajayo ya nchi, mwaka unaofuata vioo vinafungiwa mlango.

Kwa hiyo fundi wa wakati ule alikuwa fundi redio. Redio zilikuwa Philips za Arusha na National za Dar es Salaam. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse spea ya redio. Fundi hakuwa na uwezo wa kumwambia mteja "leta nyingine". Alilazimika kupima kipande kimoja kimoja mpaka amjue mchawi, halafu anachomoa kipande kama hicho kwenye redio mfu iliyoko chini ya meza. Ukikosea kupima, umemaliza spea bure. Hapo ndipo ilipozaliwa heshima ya kupima kwanza.

KIZAZI CHA CHOGO

Marufuku ililegezwa taratibu, na mwaka 1994 ITV na vituo vingine vya binafsi vikaanza kurusha matangazo bara. TV za chogo zikaingia mitaani. Fundi redio yule yule akaongeza maneno mawili kwenye kibao chake: "na TV".

Nani alimfundisha? Wengi walijifunza kwa kusoma picha yenyewe. Picha ikijikunja ikabaki mstari mmoja mweupe wa kulala katikati, ujue sehemu inayotandaza picha juu na chini ndiyo imelala, bomba la kioo ni zima. Na ile tabia ya kuipiga TV kofi ikarudi? Haikuwa uchawi. Risasi ya kuunganishia vyuma ilikuwa imepata ufa, kofi linaigusanisha tena. Fundi aliyejua hilo alitafuta ule ufa, akauchomea upya, ukaenda zako. Na alijua pia pa kutogusa, maana ndani ya chogo la TV ya rangi kuna umeme wa volti zaidi ya elfu ishirini, na unaweza kubaki humo hata waya ukishachomolewa ukutani.

Mwaka 2013 analojia ikazimwa Dodoma. Ukiwasha TV ni chenga tupu. TV nzima kabisa, kumbe inadai king'amuzi. Somo lilikuwa lile lile: kioo kukosa picha hakumaanishi kioo kimekufa.

KIZAZI CHA LAPTOPU

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia Dodoma kweli kweli. Wanafunzi, makarani, maofisa, wote na laptopu mgongoni. Nyingi ni used, zimeshapigwa kazi nje ya nchi miaka kadhaa. Na vumbi la Dodoma halimwogopi mtu.

Sasa ile tochi. Kioo cha laptopu nyingi hakitoi mwanga chenyewe. Picha iko mbele, taa iko nyuma yake. Laptopu za zamani zilikuwa na taa ya mrija mwembamba kama tyubulaiti, inayowashwa na kijisaketi kinachoitwa inveta. Kuanzia karibu na 2010, LED zikachukua nafasi. Ukimulika tochi kwa pembeni ukaona picha hafifu kama kivuli, ujue kioo kinafanya kazi, kilichokufa ni mwanga. Inaweza kuwa taa, inveta, waya, au kafyuzi kwenye ubao mkuu ambako ni kadogo kuliko punje ya uwele.

Fundi mzuri haishii hapo. Anachomeka laptopu kwenye TV kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi kule, tatizo liko kati ya ubao na kioo. Mistari ikitokea na kule, basi chipu ya picha ndiyo inayoumwa, na kubadili kioo ni kutupa hela. Anafungua na kufunga mfuniko taratibu: picha ikikatika na kurudi, anaushuku waya unaopita kwenye bawaba. Kioo kikijizima chenyewe, anauliza kama kuna kava la simu lenye sumaku limewekwa juu ya laptopu, maana mashine inadhani imefungwa. Kwenye Dell nyingi anashikilia herufi D huku anawasha. Zikipita nyekundu, kijani na bluu bila doa, kioo hakina kesi.

Lakini ukiona doa jeusi kama wino uliomwagika, au ufa, hapo hakuna ubishi. Kioo kimekwenda.

KINACHOPOTEA

Leo spea za China zimejaa. Hilo ni jambo jema, babu zetu wa redio wangelia kwa furaha. Shida ni kwamba wingi unaleta uvivu. Mwanafunzi anakuja na ripoti yake ya mwisho ndani ya laptopu, anaambiwa ndani ya dakika mbili "kioo kimekufa, lete hela". Analipa hela ya kodi ya chumba. Na tatizo lilikuwa waya.

Kuna na hasara nyingine. Vioo viwili vinafanana kwa sura, kimoja kina pini 30, kingine 40. Fundi wa haraka haangalii namba iliyo mgongoni mwa kioo. Au anachomeka waya wa kioo kabla hajachomoa betri, kile kifyuzi kinaungua, na laptopu iliyokuja na tatizo moja inaondoka na mawili.

Wale wa redio hawakuwa malaika. Walipima kwa sababu shida iliwalazimisha. Wa leo halazimishwi na mtu, anayepima anapima kwa hiari yake. Ndiyo maana yule jamaa wa tochi pale kibarazani anastahili salamu. Siku ukienda kwake, kabla hujauliza bei, muulize: "Fundi, umepimaje?" Akikueleza, mwachie laptopu. Akikasirika, mbukwa, beba mzigo wako uende meza ya jirani.

Mdau, mtaani kwenu ni fundi gani aliwahi kukuokoa? Jina usitaje. Taja alichofanya.