Kufuta skrini unapotoka Linux: kisa cha clear na .bash_logout

Leo ni historia kidogo, na inaanza na faili ambalo wengi wenu mnalo na hamjawahi kulifungua. Kama unatumia Debian au Ubuntu, chapa cat ~/.bash_logout. Utaona mistari michache tu inayosema kwamba ukitoka kwenye sheli (si ile ya petroli), skrini ifutwe ili kulinda faragha. Lakini tazama vizuri. Hawakutumia clear, amri ambayo sote tulifunzwa siku ya kwanza. Wameita programu nyingine, clear_console. Kwa nini?

Mimi jibu nililipata kwa aibu. Nikiwa kwenye atachimenti niliachiwa seva moja ya zamani, kerneli ya 2.6, yenye skrini na kibodi yake kwenye kile chumba cha baridi. Nikachapa amri ya mysql na neno la siri la hifadhidata papo hapo kwenye mstari, nikamaliza kazi, nikapiga clear, kisha exit. Skrini ikabaki na neno login peke yake. Nikajiona mtaalamu. Mhandisi aliyekuwa akinisimamia akaniita, "Kijana, hebu kuja uone." Akabonyeza Shift na PageUp. Neno la siri lilikuwa pale pale, herufi kwa herufi, na yeye hakuwa ameingia kwa akaunti yoyote. Neno lile lilitumiwa na mifumo mitatu. Tulikesha tukilibadilisha.

(Ndiyo, najua, .bash_history nayo ilikuwa imelihifadhi. Hicho ni kisa cha siku nyingine.)

Sasa turudi nyuma. Mwanzoni hakukuwa na cha kufuta. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix pale Bell Labs mwaka 1969, walichapa kwenye Teletype Model 33, mashine ya kelele iliyopiga herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi. Ndiyo maana hadi leo terminali zetu huitwa tty. Ukimaliza kazi ulikata karatasi yako ukaenda nayo, na aliyekuja baada yako alikuta karatasi tupu.

Skrini ndiyo iliyoleta tabu, maana kioo hakikatwi. ADM-3A ilitoka mwaka 1976, VT100 mwaka 1978 ikiwa na mistari 24 ya herufi 80. Mtu akiondoka, anayekalia kiti chake anasoma kila alichoacha. Kufuta nako hakukuwa rahisi, kwa sababu kila mtengenezaji alikuwa na msimbo wake. ADM-3A ilitaka Ctrl-Z. VT52 ilitaka ESC H halafu ESC J. VT100 ikaja na misimbo yenye mabano, ile tunayoijua hadi leo. Bill Joy wa Berkeley akaandika termcap mwaka 1978, orodha ya terminali na misimbo yake, na mwaka 1979 amri ya clear ikaonekana kwenye BSD. Kazi yake ni ndogo mno: inatazama terminali yako husafishwa vipi, inatuma herufi hizo chache, inakwenda zake.

Joy huyo huyo ndiye aliyetupa csh, sheli yenye faili la .logout linalosomwa unapotoka. Sheli ya Bourne haikuwa na kitu kama hicho, ilibidi utege trap kwenye namba 0. Bash ya Brian Fox, iliyotoka 1989, ikafuata njia ya csh na .bash_logout. Red Hat kwa miaka kadhaa waliweka mstari mmoja tu wa maana ndani yake: /usr/bin/clear.

Na kwa VT100 mstari ule ulitosha! Terminali zile hazikukumbuka mistari iliyopanda juu na kupotea. Ulichofuta kimefutika.

Linux ilipokuja mwaka 1991, terminali ilikuwa imehama. Haikuwa tena chombo cha pembeni, ilikuwa sehemu ya kerneli, ikiandika kwenye kumbukumbu ya kadi ya VGA. Hesabu ni rahisi: skrini ya herufi 80 kwa mistari 25 hula baiti 4,000, na eneo la maandishi la VGA lina kilobaiti 32. Hivyo kulikuwa na nafasi ya kurasa kama 8, na Linux ikaitumia kuhifadhi mistari iliyopita. Lakini clear iliendelea kutuma msimbo ule ule wa zamani, unaofuta ukurasa mmoja. Iliyobaki saba ikamsubiri mtu mwenye PageUp.

Wenzetu wa Debian wakapata ujanja. Ukihama konsoli moja kwenda nyingine, kumbukumbu ya VGA inaandikwa upya na mistari ya zamani inapotea. Kwa hiyo clear_console inafuta, inaruka hadi konsoli nyingine, na kurudi. Basi. Ni kiraka, lakini mimi nakipenda.

Suluhisho safi lilichelewa. Xterm iliongeza msimbo wa ESC [ 3 J mwaka 1999, wa kufuta hata mistari iliyohifadhiwa. Kerneli ya Linux iliupokea kwenye toleo la 3.0, mwaka 2011. Amri ya clear ya ncurses ilianza kuutuma mwaka 2013. Seva yangu ya atachimenti ilikuwa ya kabla ya hayo yote. Kisha mwaka 2020 Linus Torvalds akaing'oa kabisa sehemu ya kerneli iliyohifadhi mistari hiyo kiprogramu, kwa sababu ilikuwa na kasoro za usalama na hapakuwa na wa kuitunza.

Siku hizi wengi wetu tunaingia kwa ssh, na hapo clear_console haifanyi lolote, kwa kuwa si konsoli. Mistari imehifadhiwa na dirisha la terminali kwenye laptopu yako. Mimi nimeweka hii kwenye .bash_logout ya seva zangu:

printf '\033[H\033[2J\033[3J'

Ukiwa ndani ya tmux ujue nayo ina hifadhi yake. Kabla ya kutoka, endesha tmux clear-history.