Kilio Nyuma ya Ukuta



Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Juma hili tuitafakari methali hiyo kwa kisa cha New York, Marekani, kilichozaa chama cha kwanza duniani cha kulinda watoto.

Mary Ellen Wilson alizaliwa mwaka 1864. Baba yake alifia vitani, na mama yake akashindwa kumlipa mlezi. Hivyo mtoto akawa mikononi mwa idara ya misaada ya jiji, nayo ikamkabidhi kwa mume na mke kwa mkataba. Walitakiwa kutoa taarifa zake kila mwaka, lakini ufuatiliaji ulikuwa hafifu. Mume akafariki, mjane akaolewa tena, akaitwa Mary Connolly. Katika nyumba hiyo mtoto alifungiwa ndani na kupigwa karibu kila siku.

Majirani walikisikia kilio chake. Habari zikamfikia Etta Wheeler, mwanamke Mmethodisti aliyezoea kuwatembelea maskini wa mtaa ule. Polisi walidai ushahidi. Vituo vya hisani havikuwa na mamlaka ya kumchukua. Mwishowe akamwendea Henry Bergh, aliyeanzisha mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama.

Wengi husimulia kwamba mtoto huyo aliokolewa kwa sheria ya wanyama. Sivyo. Bergh alitenda kama raia wa kawaida, na wakili Elbridge Gerry akatumia sheria iliyomwezesha jaji kuamuru anayezuiliwa isivyo halali aletwe mbele yake. Aprili 1874 Mary Ellen aliingia mahakamani akiwa amefunikwa blanketi, usoni ana jeraha la mkasi. Connolly akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Desemba mwaka huo chama cha kuzuia ukatili kwa watoto kikaundwa.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, ilhali uponyaji ulikuwa haujaanza. Mtoto alipelekwa kwanza katika makao ya wasichana waliomzidi umri. Wheeler hakuridhika, akamwomba jaji, naye akaruhusu alelewe na mama yake Wheeler, shambani karibu na Rochester. Huko ilimbidi ajifunze hata kutembea juu ya ardhi, kwa kuwa alizoea sakafu tu. Miti na majani vilikuwa vigeni kwake. Kucheza na wenzake alikuwa hajui. Mlezi wake alipofariki, dada yake Wheeler akampokea. Mary Ellen aliolewa mwaka 1888, akapata mabinti wawili, mmoja akamwita Etta, na akalea yatima. Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka 92.

Ndugu zangu, mahakama humtoa mtoto katika nyumba ya mateso. Kinachomponya ni nyumba nyingine, yenye subira na wenye kumfuatilia. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa haki ya mtoto inapovunjwa. Wapo maofisa ustawi wa jamii, yapo madawati ya jinsia na watoto polisi, na namba 116 hupigwa bila malipo. Hata hivyo, vyote hivyo husubiri jirani mmoja aseme alichokisikia. Je, wewe umesikia nini nyuma ya ukuta wako?