Mke wa Gavana na Kiti cha Seneti

Agosti 1937 Hugo Black aliteuliwa Mahakama ya Juu ya Marekani, kiti chake cha useneta wa Alabama kikabaki wazi. Gavana Bibb Graves akampa nani? Mkewe, Dixie! Wengi walinung'unika: kashikishwa kiti tu, mwenyewe anakuja.

Lakini Dixie hakuwa mgeni wa siasa. Alishapigania wanawake wapige kura. Basi Novemba aliposimama kuhutubia Seneti, alitetea nini? Aliupinga muswada wa kukomesha mauaji ya makundi yaliyokuwa yakiwanyonga Weusi bila kesi.

Januari 1938 akajiuzulu. Hata miezi mitano haikufika. Kumwingiza mwanamke bungeni ni hatua, sawa. Ila akishapewa nafasi ya kusema, anamsemea nani?