Namba Iliyorithi Madaraja

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Kikorongo au kule Bwera hahitaji karatasi kueleza pointi zake. A ni 6, B ni 5, C ni 4, halafu anajumlisha. Akifika chuo kikuu hukutana na wastani wa pointi, ambao wengi huuita GPA, naye huuchukulia kuwa ni ile hesabu ya shuleni iliyobadilishwa jina. Sivyo ulivyo.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na kwa njia hiyo tukairithi desturi ya Kiingereza ya kupanga shahada kwa madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na ufaulu wa kawaida. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikagawanyika na kila nchi ikabaki na chake. Madaraja hayakuondoka. Mfumo wa mihula ulipoingia Makerere katika miaka ya 1990, ukaja na wastani wa pointi, ambao asili yake ni vyuo vya Marekani. Namba mpya ikawekwa chini ya majina ya zamani: 4.40 hadi 5.00 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.60 ni la pili la juu, kuanzia 2.80 ni la pili la chini, kuanzia 2.00 ni ufaulu.

Kiini cha hesabu ni uzito wa kozi, yaani saa za masomo kwa wiki katika muhula. Mfanyabiashara wa chumvi ya Katwe hapati wastani wa bei ya kilo kwa kujumlisha bei bila kutazama ukubwa wa kila gunia. Nawe fanya vivyo hivyo.

Tuseme umepata 63 katika isimu yenye uzito wa 5, 71 katika fasihi yenye uzito wa 3, 61 katika elimu yenye uzito wa 3, na 83 katika kompyuta yenye uzito wa 2. Kwa jedwali la Makerere, pointi zako ni 3.0, 4.0, 3.0 na 5.0. Ukizigawa kwa 4 unapata 3.75, nawe unafurahi. Lakini zidisha kila pointi kwa uzito wake: 15, 12, 9 na 10, jumla 46. Gawa kwa 13. Ni 3.54, daraja la pili la chini! Kompyuta uliyoifurahia ni gunia dogo. Isimu ndiyo iliyokuvuta chini.

Wastani wa jumla hufuata njia hiyo hiyo kwa kozi zote tangu siku ya kwanza. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.00 katika uzito wa 40, na shahada yake ina uzito wa 120, atahitaji wastani wa 3.90 katika 80 zilizobaki ili afike 3.60. Wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mji hawajawahi kuifanya hesabu hii. Mzazi aliyeuza pamba kulipa karo angeifanya mapema zaidi, kama angeonyeshwa.

Sasa vuka mpaka. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndugu wa Makerere wa enzi zile, kipeo pia ni 5, lakini A huanza 70, na B+, inayoanza 60, ina pointi 4. Alama zako zile zile zingekuwa 20, 15, 12 na 10, jumla 57. Ukigawa kwa 13 unapata 4.38. Mwanafunzi ni yule yule na karatasi ni zile zile. Kwa hiyo ukiomba nafasi ya masomo au kazi nje ya Uganda, usipeleke namba peke yake. Ambatanisha na jedwali la alama la chuo chako, na uhakikishe linasomeka.